Kalangala siku nne na mama: feri nimeipenda, gesti ya kwanza sirudi, maji nitayarudia

Naandika hii kwa wale wanaouliza kila likizo ikikaribia, ati sisi wa Uganda twende wapi tukaone ufukwe bila kupanda basi mpaka Mombasa. Jibu langu ni Kalangala, visiwa vya Ssese ndani ya Ziwa Victoria. Lakini nendeni mkijua mnaenda ziwani sio baharini, maana ukienda unatafuta bahari utarudi umekasirika bure, na ukienda unatafuta ziwa utakuta vitu ambavyo Mombasa yenyewe haina. Nimeenda na mama, baba watoto, watoto watatu na mdogo wangu wa kike, tukalala usiku tatu, kwa iyo haya ni maoni ya familia nzima kuanzia mtoto wa miaka sita mpaka mama mwenye magoti mabovu.

Nianze na mama kwa sababu safari ilikua yake. Mama ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Aliolewa Bombo, hapa Uganda, kwetu Wanubi akiwa bado msichana, amekaa huku zaidi ya miaka 40, Kinubi anakiongea kama amezaliwa nacho na gurusa yake, ule mkate wetu mwembamba wa Kinubi, wanawake wa mtaani wanakuja kujifunza, lakini maji hayajawahi kumtoka. Zamani alikua anaenda kwao kila baada ya mwaka au miwili. Sasa hawezi. Kampala mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100, unakaa kwenye basi usiku na mchana, miguu inavimba, mpaka daktari wake akamwambia basi mama, hiyo safari uiache. Ramadhani iliyopita tukiwa tunafuturu akasema tu, kwa sauti ya chini, "nataka kuyaona maji, yale makubwa yasoonekana ng'ambo." Baba watoto akaweka kikombe chini akasema tutakupeleka. Hakuna aliyebisha.

Sasa njia. Kuna njia mbili za kufika Kalangala, na sisi tulienda kwa moja tukarudi kwa nyingine, nawashauri mfanye ivyo ivyo. Ya kwendea ni feri ya MV Kalangala inayotoka Nakiwogo, apo Entebbe. Inaondoka saa nane mchana na inafika Lutoboka, bandari ya Kalangala, kama saa kumi na moja na nusu jioni, yaani masaa matatu na nusu ya maji matupu. Kurudi inaondoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Tiketi mnakata palepale bandarini siku hiyo hiyo, na kwa sababu abiria ni mia na kidogo tu, msije mkafika saa saba na nusu mkategemea kupata nafasi wikendi. Pigeni simu siku moja kabla muulize kama inatembea maana kuna wakati inapelekwa matengenezo. Sisi tulitoka Bombo saa kumi na mbili asubuhi ili tuikwepe jamu ya Kampala, tukashika ile barabara ya kulipia ya Entebbe, saa tatu tulishafika. Hayo masaa tuliyobaki nayo tukaenda kuyamalizia kwenye bustani ya mimea ya Entebbe, ile iliyoanzishwa 1898, iko chini pale kando ya maji, ina miti mikubwa ambayo watu watatu mkishikana mikono hamuimalizi. Watoto walihangaika na mbega weusi kwa weupe juu ya miti, mama akakaa kivulini akala chapati na mayai tuliyobeba. Kama mna watoto msiruke bustani, inawachosha vizuri kabla ya feri.

Nakiwogo yenyewe ni mwalo wa kawaida wa samaki, matope, boda boda, watu wanabeba magodoro na trei za mayai na makreti ya soda ya kupeleka visiwani. Usiogope fujo yake. Vijana wa feri walimuona mama anatembea na fimbo, wakamtoa kwenye foleni, mmoja akamshika mkono mpaka ndani akamchagulia kiti cha karibu na mlango. Hawakuomba chochote. Kuna daraja la kwanza na la pili, tofauti ya bei ni shilingi elfu chache tu, kwa mzee chukueni la kwanza, viti ni laini zaidi. Sisi wengine muda wote tulikua nje kwenye reli.

Na hapa ndipo nasema feri peke yake inatosha kua likizo. Mkishatoka kwenye ghuba, Entebbe inabaki mstari wa kijani nyuma yenu, ndege zinatua na kupaa juu ya maji, alafu taratibu kelele zote zinaisha inabaki injini tu. Maji hayana rangi moja. Karibu na Nakiwogo ni kijani kama supu ya kunde, mkienda mbele yanakua ya kijivu, alafu wingu likiondoka yanakua buluu kweli kweli. Ziwa hili ni kilomita za mraba zaidi ya 68,000, ndilo kubwa kuliko yote Afrika, na ukiwa darasani unaisoma hiyo namba kama namba tu. Mama aliomba tumtoe nje. Tukamsimamisha kwenye reli, mimi huku baba watoto huku, akaangalia mbele muda mrefu sana, leso yake inapepea, hakusema neno. Mbele kulikua na visiwa viwili vidogo na katikati yao hakuna kitu, maji na mbingu. Akanyosha kidole pale katikati. Sikumuuliza.

Saa kumi ikafika, Alasiri. Akauliza kibla kiko wapi. Mdogo wangu akatoa simu, tukakuta kibla kiko nyuma kabisa, upande tunakotoka, kwa sababu feri inaenda kusini magharibi. Kwa iyo mama akageuziwa kiti akaswali ameketi, anaangalia ule mstari mweupe wa povu ambao feri inauacha. Na mtoto wangu mkubwa kwenye ramani ya simu akagundua tumevuka ikweta. Ni kweli, Entebbe iko kaskazini kidogo ya ikweta na Kalangala iko kusini, mnaivuka majini, hakuna kibao wala mtu wa kuwauzia fulana. Alipiga kelele mpaka mzee mmoja mwenye kuku kwenye kikapu akaamka.

Tahadhari moja tu ya ziwani: kuna sami, wale vijidudu vinavyopaa kwa wingi juu ya maji, ukiviona kwa mbali unadhani ni moshi wa kitu kinachoungua. Haviumi. Ila vikiwapitia fungeni mdomo na mfunike chakula.

Tulifika Lutoboka jua likiwa linashuka. Ghuba imezungukwa na kilima chenye msitu, mji wa Kalangala uko juu kilimani na gesti nyingi ziko chini kwenye maji, unaweza kutembea kutoka kwenye gati. Kabla hata ya mizigo, mama akasema mnipeleke. Kuna kipande cha mchanga apo pembeni. Akavua viatu, akashika bega langu, akainama kwa shida, akachovya vidole viwili kwenye maji akavitia mdomoni. Akakaa nayo kidogo. Alafu akasema, "hayana munyu haya." Sisi tuliozaliwa huku tunasema chumvi, yeye mpaka leo anasema munyu kama watu wa kwao. Nikadhani amevunjika moyo, nikaanza kumwambia mama pole, ni ziwa, unajua. Akanikatiza, "sikusema ni mabaya." Na akabaki amesimama, maji yanampiga vifundoni, mpaka adhana ya Magharibi kwenye simu ya baba watoto ikalia.

Sasa gesti. Jina silitaji, nataka tu mjue mambo ya kuuliza kabla hamjatuma pesa. Tuliiona kwa picha kwenye simu, ufukwe mpana, mchanga mweupe, viti vya makuti, tukatuma malipo ya usiku mbili kwa mobail mani, shilingi 120,000 za Uganda kwa chumba kwa usiku mmoja, vyumba viwili, chakula mbali. Tukaahidiwa vyumba vinavyotazama maji na kimoja kiwe cha chini kwa ajili ya mama. Tulipofika, vyumba vya mbele vimepewa kundi la harusi, sisi tukapelekwa nyuma, ghorofani, ngazi kumi na nne za mbao bila kishikio. Ngazi nilizihesabu kwa sababu mama alizipanda akiwa amekaa, moja moja, akiwa anarudi kinyumenyume. Nyuma ya chumba ndio jenereta. Ilinguruma mpaka saa saba usiku, na harusi ikaendelea baada ya jenereta, sijui spika zao zilikua za betri. Neti ilikua na matundu mawili ambayo mdogo wangu aliyafunga kwa raba za nywele. Nikashuka kulalamika, kijana wa mapokezi aliniitikia "sawa madam" mara nne na hakuna kilichofanyika.

Na ule ufukwe wa kwenye picha haupo. Hili nataka mlielewe vizuri kwa sababu sio la gesti hii peke yake. Mwaka 2020 mvua zilinyesha sana, ziwa likapanda mpaka kiwango ambacho kilikua hakijaonekana tangu 1964, maji yakala fukwe nyingi, Entebbe, Kalangala, Jinja, yakaingia ndani ya majengo yaliyojengwa karibu sana. Sehemu nyingine mchanga umerudi, sehemu nyingine haujarudi, umebaki ukuta wa mawe na mizizi ya miti iliyokufa. Lakini picha zinazotumika kuwaita wageni ni za kabla. Kwa iyo mkipiga simu msiulize "mna ufukwe?" maana jibu ni ndio kila mahali. Mwambieni mtu akapige picha leo hii, amtume mtoto na simu dakika mbili. Anayekataa kupiga picha ya dakika mbili ujue kuna sababu yake.

Asubuhi baba watoto akatembea kando ya maji akapata nyumba nyingine, ndogo, vyumba vitano, mwenyewe ni mama wa makamo anayeishi palepale. 90,000 na chai ya asubuhi ndani yake. Pesa ya usiku wa pili kule kwa kwanza hatukurudishiwa, tukaiacha, sikutaka mama anisikie nikigombana. Hii nyumba ya pili ndio ninayoisifia, chumba cha mama mlango unafunguka kwenye nyasi na nyasi zinaisha kwenye maji, hatua kama ishirini. Hakuna muziki. Hakuna televisheni. Maji ya moto yanakuja kwa ndoo ukiomba, na netiweki inakuja na kuondoka, kama una kazi ya onlaini usiende na ahadi kwa bosi wako.

Chakula nitakaa hapa kidogo. Samaki wa huku ni wawili wakubwa, ngege ambaye Watanzania wanamwita sato, na mputa ambaye wao wanamwita sangara, alafu kuna mukene, dagaa wa ziwa, wanaoanikwa mwaloni mpaka harufu inakufuata nyumbani. Msishangae bei ya mputa kisiwani kwenyewe, wengi wanaenda viwandani kukatwa minofu ya kupeleka nje. Na 2017 jeshi liliingia kusimamia uvuvi, mputa chini ya inchi 20 haruhusiwi, ngege chini ya inchi 11 haruhusiwi, kwa iyo ukiuziwa kasamaki ka kiganja ukajua kamepitia njia gani. Kule gesti ya kwanza tuliagiza ngege watatu, 30,000 kila mmoja, wakachukua masaa mawili na robo, wakaja wamekaangwa mpaka mifupa ikawa chipsi, na chips zenyewe baridi. Watoto walishalala.

Nyumba ya pili mwenyewe alimuuliza mama, kwa Kiswahili cha kuvunjika vunjika lakini cha heshima, "mama wewe nyumbani unapika aje?" Basi. Mama alikua amebeba nazi mbili kutoka Kampala kwenye begi lake la nguo, na mbuzi ya kukunia, ile ya kukalia, kumbe alishapanga tangu Bombo. Akawekwa kwenye kibanda cha jikoni, miguu imenyoshwa, akakuna nazi mwenyewe. Ngege watatu, asubuhi hiyo hiyo kutoka kwenye mtumbwi, macho yao bado yanang'aa. Akawachana mgongoni, akawapaka ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, wakakaa kidogo, alafu juu ya mkaa, sio moto mkali, mpaka ngozi ikashika rangi. Tui zito akalipika pembeni na bizari, nyanya kidogo na ukwaju, akawa anampaka samaki upande mmoja anamgeuza, anapaka tena, yale matone yanayoangukia mkaa ndio yanatoa ule moshi, jamani. Mwenye nyumba amesimama nyuma yake anaangalia kila kitu. Mama akaonja akasema nyama ya huyu ni laini kuliko changu wa baharini, hana chumvi yake mwenyewe kwa iyo mpishi ndiye anampa yote, na mkaa usimkawize ataanguka. Tukala na wali na gonja, zile ndizi kubwa tamu, ya kuchoma. Sijala samaki kama huyo Uganda hii, na naandika ivyo nikijua ndugu zangu wa Bombo watasoma.

Kwa Waislamu, nyama ulizeni imechinjwa na nani na sufuria ni zipi maana nguruwe anapikwa sehemu nyingi. Ukishikilia samaki hauna shida.

Kuogelea. Mdogo wangu ni nesi kwa iyo hapa naandika maneno yake. Ziwa Victoria lina kichocho, bilhazia, na anayekwambia kisiwani hakuna anakupendezesha tu. Vijidudu vinatoka kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye majani na matete kando ya maji yaliyotulia, kwa iyo watoto wasichezee matetani hata kama ndiko kuna vyura. Ukiogelea, nenda kwenye mchanga safi au panda mtumbwi uingilie maji ya kina, usikae ndani masaa, ukitoka jikaushe kwa taulo ukisugua. Alafu baada ya wiki kama 6 mkapimwe, dawa inaitwa praziquantel, na sababu ya kusubiri ni kwamba inaua minyoo iliyokomaa, ukimeza kesho yake haina kazi. Watoto wangu waliingia mara mbili, muda mfupi, sehemu ya mchanga, na tumeshaandika tarehe ya kupima kwenye kalenda ya ukutani. Na kwenye mtumbwi wowote hakikisha laifu jaketi ipo na imefungwa, sio imekaliwa. Kuna boti walitaka kutupakia watu kumi na wanne na jaketi sita za kuzungusha kisiwa, baba watoto akasema hapana asante, tukabaki nchi kavu. Ziwa hili limechukua watu wengi, upepo wake unageuka bila taarifa.

Tuliuona upepo wenyewe usiku wa mwisho. Kabla ya alfajiri radi ikaanza mbali juu ya maji, bila sauti kwanza, kila umeme ukipiga unaona visiwa vyote vimesimama vyeupe alafu giza. Kisha mvua ikatembea kuja kwetu, unaisikia juu ya maji kabla haijafika kwenye bati. Watoto wakakimbilia chumba cha mama. Nikaenda nikakuta mlango umefunguliwa, wote wanne kwenye kitanda kimoja wanaangalia, mama anawaambia hii ni mvua ya kusi, anawaeleza za kwao, kusi na kaskazi, majahazi yalikua yanasubiri upepo gani kwenda wapi. Nyumbani Bombo hajawahi kuwaambia hayo, nafikiri kwa sababu hakukua na kitu cha kuonyesha kidole.

Siku ya tatu tulitembea msituni, mama alibaki. Njia inapanda kutoka ghubani, kijana wa pale alituongoza kwa 20,000 wote. Hondohondo, tumbili, vipepeo kama karatasi zimerushwa, miti imefunikwa na mizizi ya kamba. Kijana akatuambia visiwa vyote ni 84, na Bugala, hiki tulichopo, ndicho kikubwa. Akatueleza pia kuhusu malale. Miaka ya mwanzo ya 1900 ugonjwa huo ulimaliza watu kando ya ziwa, ukiletwa na mbung'o, na 1909 serikali ya Waingereza ikawahamisha watu wa Ssese wote kwenda bara, visiwa vikabaki vitupu miaka mingi. Msitu unaouona leo sehemu nyingine umeota juu ya mashamba ya watu. Baganda wanaliita ziwa Nalubaale, na hapa Ssese ndiko ilikua nyumba ya Mukasa, mungu wao wa ziwa, kwenye kisiwa cha Bubembe, kwa iyo kuna sehemu wenyeji wanaziheshimu, mkiambiwa msipite pale msipite.

Kitu kilichonisikitisha ni ukitoka tu ghubani ukaingia ndani ya kisiwa, michikichi. Safu kwa safu, kilomita kwa kilomita. Imeanza kupandwa miaka ya 2000 kwa ajili ya mafuta ya kupikia na imewapa watu kazi na hela, wenyeji wengi tulioongea nao wana mashamba yao na hawana malalamiko, lakini msitu ulikatwa kuipisha na ukipita unaona mpaka wake ulivyo kama umekatwa na wembe. Mama alipoiona siku ya kurudi, kwa mbali, akashika mkono wangu. "Minazi!" Tukakaribia akaona sio. Akanyamaza, kisha akasema huu mti hauna dafu lakini majani yake yanapiga kelele ile ile.

Kurudi tulichukua ile njia ya pili, kwa gari la kukodi kutoka Kalangala mpaka Luuku upande wa pili wa kisiwa, alafu feri ya Bukakata ambayo ni bure, ndio, bure kabisa, watu na magari. Haichukui saa nzima. Ukifika Bukakata unaenda Masaka, unashika barabara kuu ya Kampala. Uzuri wa njia hii hauna presha ya kuwahi saa maalum kama ile ya Nakiwogo, feri zinaenda na kurudi siku nzima, na ukiwa na gari lako ndiyo ya kutumia. Ubaya ni vumbi la murram kisiwani, vaeni nguo za giza. Kwenye feri ndogo hii mama alipiga simu Mombasa kwa dada yake. Hakuongea sana. Aliishika simu nje ya reli, juu ya maji, muda, alafu akairudisha sikioni akauliza, "umeyasikia?"

Lukaya tukasimama tukanunua gonja na nyama ya kuchoma ya mshikaki, Kayabwe tukapiga picha kwenye alama ya ikweta maana ya majini haikua na ushahidi. Saa mbili usiku tuko Bombo.

Nani aende? Mwenye wazazi wazee aende, ila achague nyumba ya chini na apige simu mwenyewe. Wenye watoto waende wakiwa makini na maji. Anayetaka muziki, jet ski na mchanga wa Diani asiende, atawaharibia wengine usingizi. Vijana wa wikendi moja kama hela ni ndogo mnaweza kupanda feri Jumamosi mkarudi Jumapili asubuhi, ila mtakua mmeona usiku mmoja tu na hiyo naona ni hasara. Wakati mzuri ni Juni mpaka Agosti, mvua ya huku sio ya mchezo, Machi mpaka Mei njia za msituni zinakua mito. Bebeni pesa taslimu, wakala wa mobail mani wapo mjini juu lakini kule chini floti yao inaisha. Bebeni tochi. Bebeni na nazi kama mnaye mtu anayejua kuipika.

Feri nyota tano. Nyumba ya pili nne, neti zingeongezewa urefu ningetoa tano. Gesti ya kwanza moja, na hiyo moja ni ya mpishi wa asubuhi aliyewapa watoto maziwa bila kuandika kwenye bili. Tumeshatuma advansi ya Agosti kwa yule mama wa nyumba ya pili, siku tano safari hii. Mama ameshanikumbusha mara tatu chumba kiwe kile kile cha tini, ndivyo anavyosema chini, na ananunua nazi nne.